Altezza ikiwa juu ya jeki uani kwako, imeshikwa na nini?

Huku Mtwara hela za korosho zikishaingia utaziona gari zinaongezeka mjini, Altezza, Impreza, Mark II zilizokatwa springi mpaka bampa linataka kufagia mchanga, na wenye nazo wengi sahivi wanapenda kubadilisha breki padi au kuangalia bushi, zile raba za kwenye viungo vya chini, wenyewe nyumbani. Mimi ni fundi na hilo naliunga mkono kabisa, mtu aijue gari yake. Kinachonitia hofu ni unyanyuaji. Watu wanauliza jeki ya tani ngapi, hawaulizi swali kubwa, kwamba dakika hii hii gari imeshikwa na nini.

Chukua Altezza. Inasukuma kwa nyuma, na handibreki yake inakaba tairi za nyuma. Sasa umeingiza jeki chini ya difu, lile boksi la gia lililo katikati ya tairi za nyuma, umenyanyua nyuma yote, umevuta handibreki, gia umeweka P ya kupaki, roho imetulia. Lakini handibreki inakaba tairi ambazo ziko hewani, na P inafunga shafti inayokwenda kwenye tairi hizo hizo, za mbele hazijafungwa na chochote, yaani gari ya kilo 1,300 na kitu imekaa juu ya jeki yenye magurudumu na inaweza kuondoka muda wowote. Na ukinyanyua upande mmoja tu wa nyuma usije ukaiamini P peke yake, difu inaruhusu tairi moja izunguke huku na nyingine kule hata shafti ikiwa imefungwa, hapo kinachokuokoa ni handibreki kwenye ile tairi iliyobaki chini.

Kwa hiyo kabari kwanza, jeki baadaye. Ukinyanyua nyuma kabari zikae tairi za mbele, zote mbili, mbele na nyuma ya tairi. Jiwe la mviringo la barabarani halifai, linabingirika, kata kipande cha mbao ngumu mshazari, mninga au mkongo, mafundi seremala wanavitupa kila siku.

Halafu ardhi. Shangani, Chuno, nyua nyingi ni mchanga, na hapa naomba unielewe vizuri. Gari ikinyanyuka upande mmoja haipandi wima, inapinda kidogo, kwa hiyo jeki inatakiwa itembee kuifuata, ndio maana ina magurudumu. Yakizama mchangani jeki haitembei, kinachotembea ni kile kisahani cha juu kinateleza kwenye chuma taratibu, na wewe unapampu tu macho yako yapo kwenye tairi. Pampu mara tatu nne, simama, chungulia kisahani kama bado kimekaa katikati. Chini weka pleti ya chuma au plaiwudi nene, pana kiasi cha kubeba jeki na nafasi yake ya kutembea. Kama jirani ana sakafu ya zege nzito au pevingi muombe, ni bora zaidi. Lami nayo jua la saa saba linailainisha, miguu ya stendi, vile vyuma vya kuikalisha gari ikishanyanyuliwa, inazama.

Kwa gari iliyoshushwa jeki ya kawaida haiingii, maana ikiwa chini kabisa ina kama sentimita 13 au 14, za chini maalumu zinafika 8 hivi. Usihangaike kuchimba mchanga, tanguliza mbao pana za inchi mbili mbele ya tairi, ipandishe gari taratibu juu yake, bampa litanyanyuka jeki ipite.

Pa kushika: mbele ni ile krosimemba nene ya chuma, boriti inayokatisha chini ya gari toka upande huu hadi ule, nyuma ni difu. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hapana, sakafu ya gari hapana. Pembeni ni ule mshono wa bodi chini ya mlango penye vikato viwili, na hapo weka raba usiupinde. Ila sisi tuko pwani, na hizi gari nyingine zimetoka Japani kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa theluji, basi kabla ya kuweka jeki gonga mshono kwa mpini wa bisibisi. Ikilia kavu endelea. Ikitoa sauti nzito iliyokufa na maganda ya kutu yakadondoka, usiweke uzito hapo hata sekunde.

Ikishapanda weka stendi mbili, meno yalingane, pini ndani, halafu ishushe ikae juu ya stendi, jeki ibaki inagusa tu. Tofali la bloku sitaki kuliona chini ya gari, likipata uzito sehemu moja linapasuka ghafla bila kukuonya. Isukume gari kwa mkono kwa nguvu kabla hujaingia uvunguni, kama itaanguka ianguke wewe ukiwa nje. Tairi uliyoitoa ilaze chini ya bodi. Watoto wakae mbali kabisa.

Nati uzilegeze robo mzunguko tairi ikiwa bado chini, na kukaza kwa mwisho pia tairi ikiwa imeshagusa chini, kwa kukatisha katikati, yaani ukikaza moja unahamia ya upande wa pili, Altezza inataka Nm 103, kipimo cha nguvu ya kukaza. Rimu za alumini nati zake huwa zinalegea kidogo mwanzoni, kwa hiyo kama siku hiyo unaelekea Lindi, ukifika toa wili spana uzikaze tena kabla hujageuza.