Makala ikichapishwa Ulaya, bado unaweza kumpa mtu

Wiki hii tena, mtafiti mmoja hapa Tanga kamnyima ofisa uvuvi makala yake ya mikoko kwa maelezo yale yale: "Nikishasaini na mchapishaji, siruhusiwi kumpa mtu." Ofisa wa watu akabaki anaukodolea macho ukurasa unaomdai zaidi ya dola 30 kwa makala moja. Jamani watafiti, someni mikataba mnayosaini!

Kinachohamia kwa mchapishaji kwa kawaida ni hakimiliki ya makala. Matokeo hayahami. Hakimiliki hulinda maandishi, hailindi ugunduzi, kwa hiyo hakuna wa kukuzuia kwenda Sahare ukawaeleza wavuvi ulichokikuta, kwa Kiswahili na kwa maneno yako. Kuitafsiri makala yenyewe ni jambo jingine. Haki ya tafsiri nayo huwa imekwenda.

Linalonikera hasa ni hili la matoleo. Makala moja ina mafaili matatu. Kuna rasimu uliyoituma kabla wahakiki, yaani wataalamu wanaoikagua kwa niaba ya jarida, hawajaiona. Kuna mswada uliokubaliwa: hoja za wahakiki umezijibu, mhariri ameridhia, ila bado ni faili lako la Word, majedwali yamerundikana mwishoni, nembo ya jarida haipo. Halafu kuna PDF ya jarida, safu mbili, namba za kurasa. Wachapishaji wengi hung'ang'ania hiyo ya mwisho, lakini mswada hukuruhusu kuuweka kwenye hazina ya chuo, yaani hifadhi yake ya makala mtandaoni, pengine baada ya miezi 12 au hata 24. Nyinyi mnafanya kinyume: PDF mnaipandisha ResearchGate, ule mtandao wa watafiti, mswada mnaufuta! Mwaka 2017 wachapishaji Elsevier na American Chemical Society waliishtaki ResearchGate huko Ujerumani kwa mafaili ya namna hiyo hiyo.

Kulipia makala iwe wazi kwa wasomaji wote? Jarida la Nature lilianza 2021 kwa euro 9,500. Tuendelee.

Nina shaka zangu. Mswada hauna namba za kurasa za jarida, na anayeunukuu hupata taabu ya kweli. Na ile miezi 24, sijaona bado hoja ya kunishawishi kwamba inamlinda yeyote zaidi ya mchapishaji.

Masharti ya majarida mengi yapo bure kwenye hifadhidata ya shirika la Jisc la Uingereza, ile tuliyoizoea kwa jina la Sherpa Romeo. Na siku barua ya kukubaliwa ikiingia, nitumieni lile faili la Word siku hiyo hiyo, lisije likafutwa.