Kabla ya Kufungua Hedi: Ninavyotafuta Mahali Kulanti Inakopotelea kwenye Injini ya Lori

Lori linapoletwa gereji kwa kupungukiwa kulanti, yaani maji ya kupozea injini, mara nyingi dereva huwa amekwisha kuambiwa njiani kwamba gasketi ya hedi (kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na hedi, kichwa chake cha juu) imeungua. Huenda ikawa kweli, lakini mimi huliamini jambo hilo mwisho, baada ya kuyaondoa mengine yote, kwa sababu kufungua hedi kunamgharimu mwenye gari fedha nyingi na siku kadhaa za kazi.

Naanza injini ikiwa imepoa kabisa, kwani mfuniko wa kulanti ukifunguliwa ikiwa ya moto, maji yanayochemka humrukia fundi usoni. Nafunga pampu ya mkono ya kupimia presha mahali pa mfuniko, napandisha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wenyewe, kisha nazunguka na tochi. Kulanti iliyokauka huacha alama ya unga wa rangi yake, na alama hiyo hunionyesha klampu iliyolegea au mshono wa rejeta uliochoka. Zipo klampu zinazovuja alfajiri tu, wakati mpira umenywea kwa baridi, na zikipata moto hukauka. Ndiyo maana sikubali kupima injini iliyotoka safarini muda huohuo. Chini ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo, na kikianza kudondosha, sili ya ndani imekufa. Nimekuta kitundu hicho kimezibwa kwa gundi, jambo linaloyaelekeza maji kwenye beringi.

Mfuniko nao naupima. Ukishika presha ya bar 1, hata maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 120 za Selsiasi. Springi yake ikilegea, lori lenye mzigo linalopanda Mlima Kitonga, mkoani Iringa, litamwaga kulanti ilhali hakuna kilichotoboka.

Linalopoteza watu zaidi ni mapovu kwenye tanki la kulanti. Wengi wakiyaona huhukumu hedi papo hapo, wakisahau kwamba kompresa ya upepo wa breki, katika malori mengi, hupozwa kwa kulanti hiyohiyo. Gasketi ya kompresa ikipasuka, upepo huingia kwenye maji, mipira ya rejeta hukakamaa na kulanti husukumwa nje, sawasawa na dalili za hedi. Niliwahi kupokea lori lililofunguliwa hedi mara mbili bila kupona, na ugonjwa ulikuwa kwenye kompresa. Mimi huwasha injini na kuyatazama mapovu wakati matangi ya upepo yanajaa. Yakijaa na kompresa ikaacha kusukuma, mapovu yakipungua au yakikoma, shaka yangu huhamia huko. Ili kuthibitisha, natenga mipira ya maji ya kompresa kwa muda mfupi na kupima tena. Mapovu yakiendelea vilevile, hapo nakubali kuishughulikia hedi.

Kulanti ikipotea bila tone kuonekana nje, naangalia oili. Injini inapofanya kazi, presha ya oili huizidi ya maji, kwa hiyo tope la oili ndani ya tanki la kulanti hunielekeza kwanza kwenye kipozea oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa inanifanya nishushe sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), nipandishe presha ya maji, kisha niache usiku kucha nikiwa nimetandika karatasi safi chini. Asubuhi tone hunionyesha ni silinda ipi. Huenda ni oringi (pete ya mpira) ya laina, yaani bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, au laina yenyewe imetobolewa na vipovu vinavyopasuka juu ya chuma kinachotetemeka, hasa pale injini iliponyweshwa maji ya bomba kwa muda mrefu bila dawa ya kulinda chuma. Nikikuta tundu la namna hiyo, sibadilishi laina moja peke yake kabla ya kuzichomoa na kuzikagua nyingine, kwani zote zimekaa ndani ya maji yaleyale kwa muda uleule.