Lincoln mbunge: zamu yake ilikuwa moja tu

Inarudiwa sana kwamba Abraham Lincoln alipoteza ubunge kwa kupinga vita vya Marekani dhidi ya Mexico. Mimi sikubali. Kiti hakukigombea tena, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imekwisha.

Illinois ilikuwa na viti saba, na chama chake cha Whig kilikuwa na uhakika wa kimoja tu. Mwaka 1843, kwenye mkutano wa chama mjini Pekin, ikaeleweka kwamba watapokezana: John Hardin, Edward Baker, kisha Lincoln. Hardin alipotaka kurudi, Lincoln alishikilia kwamba zamu ni zamu, mpaka mwenzake akajitoa. Agosti 1846 akambwaga mhubiri Peter Cartwright kwa kura 6,340 dhidi ya 4,829. Kiapo akala Desemba 1847, maana ndivyo kalenda ya Bunge ilivyokuwa.

Kuhalalisha vita hivyo, Rais Polk alidai damu ya Wamarekani ilimwagwa kwenye ardhi ya Marekani. Tarehe 22 Desemba Lincoln akawasilisha maswali manane: mahali penyewe ni wapi, na wakazi wake walikuwa chini ya serikali ya nani? Bunge halikuyapigia kura. Wapinzani nyumbani wakapata cha kumkejeli. Agosti 1848 mgombea wa Whig aliyefuata, Stephen Logan, alishindwa kwa kura 106 na Thomas Harris, meja aliyetoka vitani Mexico. Aliyeanguka ni Logan, lawama akabebeshwa Lincoln.

Kinachosahaulika ni posho. Mbunge alilipwa dola 8 kwa siku, na nauli dola 8 kwa kila maili 20, kwenda na kurudi. Desemba 1848 Horace Greeley, mhariri na mbunge mwenzake, alianika madai ya wote gazetini. Lincoln aliandika maili 1,626; njia fupi ya posta ilikuwa 780. Piga hesabu: ziada 846, mara mbili ni 1,692, kwa senti 40 kila maili inakuja dola 676.80. Kisheria haukuwa wizi, kwani sheria ilitaja njia inayopitwa kwa kawaida, si iliyo fupi. Mwanya huo waliupitia karibu wote.

Januari 1849 alisoma rasimu ya kukomesha utumwa Washington hatua kwa hatua: watoto watakaozaliwa kuanzia 1850 wawe huru, wenye watumwa walipwe fidia, na wapiga kura waridhie kwanza. Waliomuunga mkono wakamkimbia, muswada haukuwasilishwa.

Muhula ulipoisha aliomba ukuu wa Ofisi ya Ardhi, akapewa Justin Butterfield. Ugavana wa Oregon akaukataa, akarudi Springfield kwenye uwakili. Mei 22, 1849 akapata hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) namba 6,469 ya kuinua boti zilizokwama kwenye mafungu ya mchanga, kwa mifuko inayojazwa hewa ubavuni. Kifaa chenyewe hakikuwahi kuingia sokoni.