Milango ya karakana ifungwe au ifunguliwe? Maswali ya mafundi, Mbeya

Kwenye ukuta wa karakana ya serikali kuna ubao wa masharti: vaa ovaroli na buti, usivute sigara, usije kazini umelewa, usiwashe injini milango ikiwa imefungwa. Mafundi wanayajua kwa kichwa. Wanachotaka kujua ni kwa nini. Swali la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu ni msimu wake.

Juni na Julai baridi inayoshuka kutoka mlima Loleza haivumiliki. Tukifunga milango dakika chache tu tukisikiliza injini, kuna ubaya gani?

Upo, na mkubwa. Moshi wa gari, hasa la petroli, una kaboni monoksaidi. Msiichanganye na hewa ukaa, ile inayotoa mapovu kwenye soda. Hii haina rangi wala harufu, kwa hiyo kusema "mbona hatusikii moshi" hakumlindi mtu. Ikifika kwenye damu huing'ang'ania kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na oksijeni hukosa pa kukaa. Tena Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako oksijeni katika kila pumzi ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Tunaanza tukiwa tumepunjwa.

Kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, halafu mtu anaanza kujibu mambo yasiyoulizwa. Wengi husingizia malaria au uchovu. Kinachopaswa kuwashtua ni hiki: watu wawili watatu wanaumwa kichwa kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Fungueni milango yote, zimeni injini, mtoeni mwenzenu, apelekwe hospitali akapewe oksijeni hata akisema yuko sawa. Asiingie mtu kumwokoa kabla hewa haijapita. Mara nyingi mwokoaji ndiye huwa maiti wa pili.

Gari lisukumwe nje ndipo liwashwe. Jiko la mkaa kwenye kibanda cha mlinzi linatoa hewa hiyohiyo, na kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Dizeli hutoa kidogo, lakini moshi wake una madhara yake: tangu mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Nikimaliza kuchomelea nakunywa maziwa yaondoe moshi kifuani. Yanasaidia?

Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni, hawakutani popote. Kunywa kwa kuwa ni matamu, hasa ya Rungwe. Ukichomelea bati lenye zinki, jioni unaweza kupata homa na kutetemeka kama mwenye malaria, kisha ikaisha ndani ya siku moja au mbili. Kwangua zinki kwanza, chomelea nje, upepo ukupige ubavuni.

Usiku macho yanawasha kana kwamba yana mchanga.

Mwanga wa kuchomelea umeyaunguza, na maumivu huchelewa saa kadhaa. Usidondoshee maji ya kiazi wala maziwa. Nenda kituo cha afya. Msaidizi anayeshika chuma naye avae kinga. Yeye ndiye husahaulika.

Mzee wetu ananyonya petroli kwa mpira, miaka yote hajadhurika.

Mzee ana bahati, shikamoo yake. Tone likipotea njia na kuingia mapafuni linaleta homa kali ya mapafu. Aliyemeza asitapishwe, maana ikipanda tena ndipo inapoingia pabaya. Pampu ya mkono ipo.

Glavu zivaliwe kila kazi?

Hapana. Kwenye mashine ya kutoboa au kitu chochote kinachozunguka, glavu hunaswa na kuvuta mkono mzima. Pete nayo ivuliwe.

Kaulanzi kidogo mchana si kanaongeza joto?

Unahisi joto kwa sababu damu imekimbilia kwenye ngozi, na hapo ndipo mwili unapolipoteza. Halafu ulanzi, pombe ya mianzi, hauachi kuchacha: wa asubuhi si wa saa nane. Aliyeonja asiingie chini ya gari, wala gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake asiingie mtu, awe mlevi au mchamungu.

Nikiumia, mimi mtumishi wa serikali, nani anagharamia?

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahudumia sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara, na unagusa pia magonjwa yanayotokana na kazi. Vifaa vya kinga ni jukumu la mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Toa taarifa kwa msimamizi siku hiyohiyo, kwa maandishi. Kidole kilichokatika kila mtu atakikumbuka. Kichwa kinachouma kila asubuhi ya baridi ndicho husahaulika, kwa hiyo nacho kiandikwe, pamoja na saa na kama mlango ulikuwa umefungwa.