Je, wajua kwa nini mizinga ya manowari ilipigana Kondoa, mbali na bahari?

Ukitembelea Fort Jesus, Mombasa, usishangae kukuta mizinga ya zamani. Ile ni ngome. Ila miwili kati yake haikuletwa kulinda ngome. Mmoja ulitoka kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg, na mwingine kwenye manowari ya Waingereza, Pegasus. Meli hizo zilikutana vitani mara moja tu, bandarini Unguja, na zote mbili zikaishia majini. Mizinga yake ndiyo iliyoendelea na vita, tena nchi kavu.

Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, wiki chache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikiwa na mizinga kumi ya milimita 105. Alfajiri ya Septemba 20 mwaka huo iliikuta Pegasus imetia nanga Unguja ikitengeneza mitambo. Haikuwa vita ya haki hata kidogo: mizinga ya Königsberg ilifika mbali, ya Pegasus makombora yake yakawa yanaangukia majini kabla ya kumfikia adui. Saa moja haikuisha, Pegasus ikawa hoi, na baadaye ikazama.

Lakini mshindi naye alikuwa mgonjwa. Injini za Königsberg ziliharibika, na hapakuwa na bandari salama ya kuzitengenezea. Nahodha Max Looff akaiingiza meli kwenye delta ya Rufiji. Wajerumani walikuwa wameipima mikondo ya delta ile kabla ya vita, wakajua ipi ina kina cha kutosha. Ramani za Waingereza hazikuonyesha hivyo. Mlingoti ukafunikwa matawi, meli ikapotelea kwenye mikoko. Sehemu za mitambo zilizoharibika zikaburutwa kwa nguvu za watu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikaburutwa tena kurudi mtoni.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini kuiona si kuifikia. Walizamisha meli kuukuu, Newbridge, ili kuziba mkondo; delta ina milango mingi, haikusaidia sana. Wakaleta ndege, na joto la pwani likazitesa, gundi ikaachia. Mwishowe wakakivamia kisiwa cha Mafia, wakafanya kituo cha ndege huko, na kutoka Malta wakavuta Severn na Mersey, meli mbili bapa zinazoweza kupita kwenye maji machache. Julai 6, 1915 zilijaribu zikashindwa. Julai 11 zikarudi, rubani na mwenzake wakizielekeza kutoka angani makombora yanakoangukia. Ndege yao ilipigwa, nao wakaendelea kutuma ishara huku wanaanguka. Mchana ule Looff akaamuru meli yake ilipuliwe.

Waingereza wakahesabu kazi imekwisha. Hapo ndipo walipokosea, maana mkondo ule haukuwa na kina cha kuificha meli nzima chini. Mabaharia walirudi kwenye gofu lile, wakaifungua mizinga yote kumi, wakaipeleka Dar es Salaam. Mafundi wakaiundia magurudumu. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, lilikuwa limezingirwa, halipati silaha kutoka Ulaya ila kwa bahati, na ghafla likawa na mizinga mikubwa kuliko yoyote liliyokuwa nayo. Mabaharia wenyewe wakageuzwa askari wa nchi kavu.

Mmoja ulifika Kahe, chini ya Kilimanjaro, ukaachwa huko Machi 1916 Wajerumani waliporudi nyuma. Huko Kondoa Irangi, zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, majeshi ya Afrika Kusini, yaliyopigana upande wa Waingereza, yalipigwa makombora yaliyotengenezwa kuzamisha meli.

Mzinga wa meli ulifikaje huko? Reli ilisaidia pale ilipokuwepo. Pengine pote ni watu. Mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi, kwa hiyo mzinga mmoja ulifungwa kamba ndefu na kuvutwa na mamia ya wapagazi, wengi wao waliokamatwa vijijini kwa lazima, kupitia tope, mchanga na vilima. Majina ya nahodha, ya meli, hata ya marubani yameandikwa vizuri. Ya waliovuta kamba, hayakuandikwa. Upande wa Waingereza mambo hayakuwa tofauti: kikosi chao cha wapagazi, "Carrier Corps", ndicho kilichoiachia Kariakoo jina lake. Nao pia waliiopoa mizinga ya Pegasus, wakaiwekea magurudumu, askari wakaiita "Peggy".

Mzinga mmoja wa Königsberg ulisafiri mbali kuliko wenzake. Ulipanda reli ya kati hadi Kigoma, ukasimikwa juu ya Graf von Goetzen, meli kubwa ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Waingereza waliokuwa ziwani na viboti vyao waliuona, wakakaa mbali nao. Baadaye mzinga ukahitajika kwingine. Wajerumani wakauondoa, na mahali pake wakaweka wa mbao. Meli yenyewe waliizamisha Julai 1916, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi nzito. Ilipoopolewa haikuwa imeoza, na tangu 1927 ikaanza kubeba abiria na mizigo kwa jina la Liemba.