Muhula wa kwanza na wa pili wa ujauzito: nini hutokea, na lini

Ukifika kliniki na kusema una mimba ya miezi miwili, swali la kwanza la mkunga huwa ni hili: hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi? Hesabu yote huanzia siku hiyo, wala si siku mimba ilipotunga. Ndiyo maana mwanamke aliyeshika mimba wiki nne zilizopita huambiwa mimba yake ina wiki sita, na wakati mwingine mwenzi wake hukunja uso na kuanza kupiga hesabu za vidole. Hakuna aliyedanganya. Siku yai lilipokutana na mbegu ni vigumu kuijua, ila siku damu ilipoanza kutoka wengi wanaikumbuka, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo zinaingizwa kwenye hesabu ingawa mimba yenyewe ilikuwa bado haipo.

Kuanzia siku hiyo, ujauzito huhesabiwa kuwa siku 280, yaani wiki 40. Kanuni ya kukadiria tarehe ya kujifungua, ambayo bado inatumika, ina jina la Franz Naegele, daktari wa Kijerumani wa karne ya 19: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Hedhi iliyoanza Juni 10 inakupeleka Machi 17. Kanuni hiyo humchukulia kila mwanamke kuwa na mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 tarehe yake husogea mbele kama wiki moja. Ultrasaundi ya mapema, kabla ya wiki ya 14, hukadiria umri kwa usahihi zaidi kwa sababu katika kipindi hicho watoto hukua kwa kasi inayokaribiana. Hata hivyo, wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi ni takriban mmoja kati ya ishirini.

Wiki hizo 40 hugawanywa katika mihula mitatu. Wa kwanza huishia mwisho wa wiki ya 13. Wa pili huanza wiki ya 14 hadi mwisho wa wiki ya 27. Zinazobaki ni za muhula wa tatu, ambao hatutaugusa hapa. Katika hii miwili ya mwanzo, unavyojisikia si kipimo cha kutegemewa cha mimba inavyokwenda. Anayetapika kutwa nzima anaweza kuwa na mimba isiyo na kasoro yoyote, na aliye mzima wa afya katika mwezi wa sita anaweza kuwa na presha inayopanda bila yeye kujua.

Mimba changa

Siku 6 hadi 10 hivi baada ya kurutubishwa, yai hujipandikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Hapo homoni iitwayo hCG huanza kuingia kwenye damu na baadaye kwenye mkojo, na ndiyo inayosomwa na kile kipimo chenye mistari miwili. Anayepima kabla ya siku ya hedhi kupita anaweza kupata jibu la hapana huku mimba ipo; akisubiri siku chache na kutumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, jibu huwa la uhakika zaidi. Wengine huona matone ya damu katika siku hizo, wakadhani hedhi imekuja kidogo mwezi huo, kumbe sivyo.

Kinachofuata ni uchovu ambao hauelezeki kwa kazi uliyofanya. Mtu ameamka vizuri, saa tano asubuhi macho yanafumba yenyewe. Homoni ya projesteroni inahusika sana hapo, na hiyohiyo hulegeza misuli ya utumbo, ndiyo choo kikawa kigumu na tumbo likajaa gesi. Matiti hujaa na kuuma. Haja ndogo huja mara kwa mara kwa sababu figo zinachuja damu nyingi kuliko kawaida, na mfuko wa uzazi, ambao bado uko ndani ya nyonga, unakandamiza kibofu.

Halafu kuna kichefuchefu. Kwa kawaida huanza karibu na wiki ya 6, hufika kileleni kwenye wiki ya 9, na hupungua kati ya wiki ya 12 na 16. Wachache huendelea nacho hadi wiki ya 20. Kati ya wajawazito kumi, kama saba hukipata. Asubuhi si saa yake pekee: kuna wanaoanza jioni, na kuna ambao hawana saa maalumu. Kinachokichochea mara nyingi ni harufu ambayo watu wengine hata hawaisikii, sabuni iliyo mkononi mwa mtu au mafuta yaliyoanza kupata moto jikoni. Mswaki ukigusa nyuma ya ulimi, basi, yote yanarudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mhusika mkubwa ni homoni ya GDF15, inayotoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma. Wanawake ambao kabla ya mimba miili yao ilikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo ndio inaowasumbua zaidi inapopanda. Kwa hiyo wale wanaosema mama huyo anadeka, au kwamba hakuitaka mimba, wanasema wasichokijua.

Kinachosaidia wengi ni kutoliacha tumbo likae tupu: kula kidogo kidogo, kuanza na kitu kikavu kabla ya kutoka kitandani, kunywa kwa mafunda madogo badala ya glasi nzima. Tangawizi huwapa nafuu baadhi, na vitamini B6 pia, kwa kipimo atakachokupa mhudumu. Vidonge vya madini ya chuma vikikuchafua roho, uliza kama unaweza kuvimeza usiku. Lakini mtu asiyeweza kubakiza hata maji tumboni kwa siku nzima, mkojo wake umekuwa wa rangi nzito, na uzito unashuka, huyo hana kichefuchefu cha kawaida. Anahitaji hospitali, pengine na dripu, na kumwambia avumilie ni kumdhuru.

Ambaye hasikii chochote naye asihangaike. Kama watatu kati ya kumi hawapati kichefuchefu na watoto wao huzaliwa salama. Vilevile kinapokoma karibu na wiki ya 12, kwa kawaida ni kwa sababu hCG imeanza kushuka, jambo linalotarajiwa.

Upande wa mtoto, miezi hii mitatu ndiyo yenye kazi kubwa kuliko yote, na inafanyika kabla tumbo halijaonekana. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga siku 28 hivi baada ya mimba kutunga, yaani karibu na wiki ya 6 ya hesabu ya kliniki. Wengi wakati huo ndio kwanza wameshtuka kuwa hedhi imechelewa. Usipojifunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Hii ndiyo sababu ya kushauriwa kumeza foliki asidi mikrogramu 400 kwa siku tangu unapopanga kushika mimba hadi wiki ya 12. Kuisubiri kliniki ya kwanza mara nyingi ni kuchelewa. Mapigo ya moyo huanza kuonekana kwenye ultrasaundi karibu na wiki ya 6. Kufikia wiki ya 12 viungo vikuu vimeshawekwa mahali pake, na mtoto, mwenye urefu wa sentimita 5 hadi 6 kutoka utosini hadi makalioni, anajinyoosha na kugeuka bila mama kuhisi.

Kwa kuwa viungo vinaumbwa katika wiki hizo, dawa za kujinunulia ni hatari zaidi wakati huu. Dunia ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Dawa ya thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, na wajawazito wengi wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni huko mwishoni mwa 1961, maelfu ya watoto katika nchi mbalimbali walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi, wengine bila viungo hivyo kabisa. Ila tahadhari hii ina upande wa pili ambao watu huusahau: mwenye kifafa, presha, kisukari au VVU asiache dawa zake kwa woga. Amweleze daktari mapema. Kama kuna ya kubadilishwa, itabadilishwa. Pombe na sigara havina mjadala, viachwe.

Mimba kuharibika ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyolizungumza. Kati ya mimba zilizokwisha kujulikana, 10 hadi 20 katika kila 100 huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 12, na karibu nusu ya hizo ni kwa sababu kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, hazikupangika sawasawa tangu mwanzo. Kubeba ndoo, kufanya tendo la ndoa au kugombana na mtu siku moja kabla si chanzo. Nalitaja kwa sababu wanawake wengi hujilaumu miaka na miaka, na wengine hulaumiwa na ndugu. Damu kidogo katika mimba changa humtokea karibu mmoja kati ya wanne, na nyingi ya mimba hizo huendelea vizuri. Hata hivyo damu yoyote ikaangaliwe. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au maumivu kwenye ncha ya bega yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, hata kama damu haionekani.

Miezi ya kati

Karibu na wiki ya 12 mfuko wa uzazi hupanda kutoka ndani ya nyonga, kibofu kikapumua, na wiki chache baadaye hamu ya chakula hurudi. Wengi huuona muhula wa pili kuwa ndio wa raha. Ile habari ya kula kwa ajili ya watu wawili haina msingi: muhula wa kwanza hauhitaji nyongeza ya nishati, na wa pili unahitaji kama kalori 340 kwa siku, ambazo ni chini ya mlo mmoja kamili.

Kufikia wiki ya 20 kilele cha mfuko wa uzazi huwa kwenye usawa wa kitovu. Mkunga hukipapasa kwa ubavu wa kiganja, akaushika ukanda wa kupimia kutoka hapo hadi kwenye mfupa wa kinena. Baada ya wiki ya 24 sentimita zinazosomeka hukaribiana na idadi ya wiki, tofauti ya mbili tatu hivi. Ikizidi hapo, hutafutwa sababu: pengine tarehe zilikosewa, pengine ni mapacha, pengine mtoto hakui inavyotakiwa.

Mtoto kucheza ndilo jambo linalosubiriwa kwa hamu. Mwenye mimba ya kwanza humsikia kati ya wiki ya 18 na 20. Aliyewahi kuzaa humtambua mapema, hata wiki ya 16, kwa kuwa anakijua anachokisikia. Mwanzoni ni mguso hafifu chini ya kitovu, kama mapovu yanayopasuka, na ni rahisi kudhani ni gesi. Kondo la nyuma likikaa mbele, kati ya mtoto na ukuta wa tumbo, miguso hiyo huchelewa kusikika. Ikifika wiki ya 24 na hujasikia kitu, mwambie mkunga bila kusubiri miadi.

Mwili nao una vituko vyake. Kuna mchomo wa ghafla kwenye kinena unapoinuka haraka, kutokana na kano zinazoshikilia mfuko wa uzazi kuvutika. Kuna mstari mweusi unaoshuka kutoka kitovuni, fizi zinazotoa damu, pua iliyoziba bila mafua, misuli ya shavu la mguu inayokaza usiku wa manane. Tumbo linaweza kujikaza kidogo na kuachia, hali iliyoelezwa na daktari Mwingereza John Braxton Hicks mwaka 1872. Isiyo na mpangilio haina neno, bali inayokuja kwa vipindi na kuongezeka kabla ya wiki ya 37 inahitaji kuonwa.

Yaliyo muhimu zaidi kipindi hiki hayaumi. Damu ya mama huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na maji yake huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, hivyo hemoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya chembe nyekundu na ambayo watu huiita wingi wa damu, hushuka kwenye kipimo. Katika muhula wa pili, hemoglobini chini ya gramu 10.5 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu. Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma kila siku pamoja na foliki asidi. Ultrasaundi ya kuangalia maumbile ya mtoto hufanywa wiki ya 18 hadi 22, na kipimo cha sukari kati ya wiki ya 24 na 28.

Baada ya wiki ya 20 ndipo presha ya mimba inapoweza kuanza. Ikifika 140 kwa 90 na kuendelea, na protini ikaonekana kwenye mkojo, ni njia ya kuelekea kifafa cha mimba. Kichwa kinachouma vikali, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla: hayo yakitokea nenda hospitali, hata kama ni usiku. Lakini wengi hawapati dalili yoyote mwanzoni, na presha hugunduliwa tu kwa sababu mtu alifungwa kile kitambaa mkononi akapimwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mahudhurio manane, na matatu tu ndiyo yanayoangukia mihula hii: moja kabla ya wiki 12 kutimia, la pili wiki ya 20, la tatu wiki ya 26. Anayeanza kliniki wiki ya 24 kwa sababu alijiona hana tatizo ameshakosa mawili, pamoja na vipimo vya kundi la damu, kaswende na VVU vya mapema, ambavyo matibabu yake humkinga mtoto. Mwishoni mwa wiki ya 27 mtoto ana uzito unaokaribia kilo moja na anasikia sauti za nje, na miadi inaanza kukaribiana: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40.