Kabla ya kugusa skrubu ya mkazo: mipangilio ya mishono katika programu ya darizi

Fundi anaponiletea kazi iliyoharibika, mara nyingi huwa amekwisha kuzungusha skrubu za mkazo wa uzi, amebadilisha sindano mara mbili na ameanza kuulaumu uzi wenyewe. Kitambaa kimekunjamana kuzunguka nembo, uzi umekatika mahali pale pale kila mara, au kuna ufa mwembamba kati ya rangi mbili zilizopaswa kugusana. Mimi humwomba kwanza faili la mchoro. Kazi yangu ni kuandaa michoro ya darizi kwa ajili ya mashine, na kwa muda wote niliofanya kazi hii nimeona kwamba makosa mengi yanayoonekana kwenye nguo yalikwisha kuwamo ndani ya faili kabla mashine haijawashwa.

Mashine ya kudarizi haijui nembo wala ua. Inachosoma ni mfululizo wa nukta: sogea kiasi hiki kulia, kiasi hiki juu, shusha sindano, sogea tena. Katika faili la DST, ambalo asili yake ni mashine za Tajima na ambalo leo linasomwa na mashine nyingi za biashara, mwendo huo hupimwa kwa sehemu za kumi za milimita, na hatua moja haiwezi kuzidi milimita 12.1. Faili hilo halina habari ya aina ya kitambaa, wala halibebi rangi halisi za nyuzi. Linajua tu mahali pa kusimama ili rangi ibadilishwe. Uamuzi wote kuhusu kitambaa unapaswa kufanywa na mtu aliyekaa mbele ya programu, iwe ni Wilcom ya kulipia au Ink/Stitch, ambayo ni ya bure na hufanya kazi ndani ya programu ya kuchora ya Inkscape.

Mpangilio unaoharibu kazi nyingi kuliko mingine yote ni msongamano wa mishono. Programu nyingi huuandika kama nafasi iliyopo kati ya mstari mmoja wa uzi na mstari unaofuata, kwa hiyo namba ikipungua, uzi unaongezeka. Nimewaona mafundi wazoefu wakipandisha namba kutoka milimita 0.4 hadi 0.6 kwa nia ya kuziba mianya, kisha wakashangaa kuona mianya imezidi. Uzi wa namba 40, ambao ndio tunaoutumia kwa kazi nyingi, ukilala juu ya kitambaa huchukua upana unaokaribia milimita 0.4, na hiyo ndiyo sababu namba hiyo imekuwa mahali pa kuanzia. Ni vyema pia kujua programu yako inahesabu nini hasa. Katika Ink/Stitch, kwa mfano, nafasi ya mshono wa satini, yaani uzi unaokwenda na kurudi kati ya kingo mbili, hupimwa kutoka ncha moja ya zigizaga hadi ncha nyingine ya upande ule ule, na thamani yake ya kuanzia ni 0.4, ilhali mshono wa kujaza eneo huanza na nafasi ya 0.25 kati ya safu na safu. Kwa kitambaa chepesi, 0.25 naiona ni nzito mno, na karibu kila mara huipandisha.

Tuchukue mraba wenye pande za milimita 50, unaojazwa kwa mishono yenye urefu wa milimita 4. Nafasi ikiwa 0.4, tunapata safu 125, yaani mishono ipatayo 1,560 na zaidi ya mita 6 za uzi juu ya kitambaa. Nafasi ikipunguzwa hadi 0.3, safu zinakuwa 167, mishono inapita 2,080 na uzi unafika mita 8 na kitu. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo jicho halioni kwenye skrini, imeongeza theluthi nzima ya uzi na ya muda wa mashine. Uzi huo wote lazima upate mahali pa kukaa, na kwa kuwa kitambaa hakiongezeki ukubwa, nyuzi husukumana, kitambaa hujikunja pembeni na nembo huwa ngumu kama kipande cha ngozi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau: sindano nayo ina unene. Sindano ya namba 75/11 ina kipenyo cha milimita 0.75. Ukingo wa satini wenye nafasi ya 0.3 unaiambia sindano hiyo ishuke kila baada ya milimita 0.3 kwenye mstari mmoja, wakati yenyewe ina unene wa zaidi ya mara mbili ya umbali huo. Matundu yanaungana. Ndiyo maana wakati mwingine nembo hubanduka kutoka kwenye shati baada ya kufuliwa mara chache, ikifuata ukingo wake barabara, kama stempu inavyochanika kutoka kwenye karatasi yake. Hapo hakuna mkazo wa uzi utakaosaidia.

Kazi iliyonifundisha kutenganisha mipangilio kwa kila kitambaa ilikuwa nembo ya shule moja. Ilikuwa na duara lenye kipenyo cha milimita 30, lililojazwa rangi ya bluu, lenye pete ya satini ya dhahabu pembeni, mwenge katikati na jina la shule chini. Ilitakiwa kuwekwa juu ya mashati meupe ya tetroni, masweta, na zile fulana za kola ambazo wauzaji wa Kariakoo huziita fomu siksi. Niliandaa faili moja, nikalijaribu juu ya shati, likatoka vizuri, na nikalituma kwa ajili ya nguo zote tatu. Fulana ziliporudi niliweka rula juu ya duara. Upana ulikuwa milimita 29.2, urefu milimita 30.4. Kushoto na kulia, kati ya bluu na dhahabu, palikuwa na mwanya mwembamba kama mwezi mwandamo, na kitambaa chekundu cha fulana kilichungulia hapo. Duara lilikuwa limegeuka yai.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Kila mshono ni uzi uliovutwa kati ya matundu mawili, na uzi huo huyasogeza matundu hayo yakaribiane. Mishono ya kujaza katika nembo ile ilikwenda kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo umbo lilipungua upande huo. Wakati huohuo, safu zilipokuwa zikipangwa moja juu ya nyingine, zilikisukuma kitambaa kuelekea juu na chini, na umbo likarefuka. Tetroni imefumwa kwa nyuzi zilizobana, hivyo hustahimili mvuto huo. Fulana ya kola ni kitambaa cha kufuma kwa vitanzi, nacho hufuata popote uzi unapokivuta.

Dawa ya kwanza ni fidia ya mvuto, yaani kuiambia programu ichore mishono mirefu kidogo kuliko umbo lenyewe, ili uzi ukikaza umbo lirudi kwenye kipimo kilichotakiwa. Kwa tetroni na kaki huanzia milimita 0.2, kwa fulana za kola huenda hadi 0.35 au 0.4, kwa sweta wakati mwingine huzidi hapo. Kagua kama programu yako inaongeza kiasi hicho kila upande au inakigawa pande mbili, kwa sababu 0.4 kila upande ni 0.8 kwa jumla, na herufi ndogo zikipewa kiasi hicho matundu yake huziba. Fidia ya mvuto hurefusha mshono tu. Haizuii kusukuma. Kwa hiyo kwenye ncha za juu na chini za lile duara nilipunguza umbo la bluu kwa mkono, kiasi cha milimita 0.2 kila upande, nikaiacha pete ya dhahabu ilipande eneo la bluu kwa milimita 0.6 kuzunguka pande zote.

Hata hivyo, fidia peke yake ingekuwa kama kupaka rangi ukuta usio na plasta. Kilichoituliza fulana ile hasa ni mishono ya msingi, ile inayotangulia chini kabla ya mishono inayoonekana. Wengi huizima kwa sababu inaongeza muda wa mashine na hakuna mteja anayeiona. Kazi yake ni kukifunga kitambaa na karatasi ya kushikilia iliyo chini yake viwe kitu kimoja, kisha kuupa uzi wa juu mahali pa kulalia ili usizame. Nilichagua mshono wa mstari unaozunguka ndani ya ukingo, umbali wa milimita 0.5, halafu safu za wazi zenye nafasi ya milimita 3 zilizokata mwelekeo wa mishono ya juu kwa pembe ya nyuzi 90. Mishono ya msingi ikielekea upande uleule wa mishono ya juu, huzama katikati yake na haina faida yoyote. Baada ya kuiweka hiyo, niliweza kulegeza msongamano wa bluu kutoka 0.38 hadi 0.42 bila kitambaa kuonekana, na nembo ikawa laini zaidi kifuani. Huo ndio utaratibu ninaowasihi wenzangu waufuate: ukiona mianya, imarisha msingi kwanza, na namba ya msongamano iwe ya mwisho kuguswa.

Sweta lilihitaji mabadiliko makubwa zaidi. Pale msingi ulikuwa wavu kamili wa mistari inayopishana, na juu ya kitambaa tuliweka utando mwembamba unaoyeyuka kwa maji ili nyuzi zisizame kati ya vitanzi vya sufu. Pete ya dhahabu niliipanua kutoka milimita 2 hadi 2.8. Jina la shule, lililokuwa na herufi za milimita 5, niliomba likuzwe hadi 7, na uongozi wa shule ulikubali baada ya kuona sampuli mbili zikiwa zimewekwa kando kwa kando.

Kuhusu herufi, kipimo changu ni hiki: nguzo ya satini, yaani mstari unaounda herufi, isipungue upana wa milimita 1 kwa uzi wa namba 40. Ikiwa nyembamba zaidi ya hapo, sindano inashuka karibu na tundu iliyotoka kulitoboa, uzi unapigwa mahali pamoja na hatimaye unakatika. Kwa maandishi madogo natumia uzi mwembamba zaidi, wa namba 60, na sindano ya 65/9, msingi wa mstari mmoja wa katikati tu, na nafasi pana kidogo kati ya herufi na herufi. Upande wa pili wa kipimo, satini yenye upana wa zaidi ya milimita 7 hivi huacha nyuzi ndefu zinazonasa kwenye vifungo na kucha. Hapo ni bora kuigawanya au kutumia mshono wa kujaza.

Kanzu ina mambo yake. Darizi ya shingoni hupita kwenye kitambaa chepesi, tena kwenye mkunjo mkali, ambapo mishono ya satini hupanuka upande wa nje na kurundikana upande wa ndani. Programu nyingi zina mpangilio wa kufupisha baadhi ya mishono ya upande wa ndani ili isifike yote ukingoni, na bila mpangilio huo ukingo wa ndani huwa na vifundo vigumu vinavyokwaruza shingo. Mimi huanzia nafasi ya 0.45, msingi mwepesi, na hugeuza mwelekeo wa mishono hatua kwa hatua ili ufuate mviringo wa shingo. Kofia za viua sizigusi kwa mashine. Matundu yale madogo hutengenezwa kwa mkono, na kila nilipoona yakiigizwa kwa faili, kitambaa kilikuwa kimekatika au tundu limeziba.

Limebaki suala la kukuza na kupunguza ukubwa, ambalo huleta malalamiko karibu kila wiki. Faili la DST lina nukta tu. Ukilipunguza kwa asilimia 30 kwenye mashine, idadi ya mishono mara nyingi hubaki ileile, na nafasi ya 0.4 inakuwa 0.28; ukilikuza kwa asilimia 20, inakuwa 0.48 na kitambaa kinaanza kuonekana. Zaidi ya asilimia 10 kwenda juu au chini, rudi kwenye faili la asili la programu, lile lenye maumbo na mipangilio yake, uache programu ihesabu mishono upya. Ukimlipa mtu akuandalie mchoro, omba pia faili hilo la asili, au angalau mkubaliane mapema kwamba atakurekebishia ukubwa bila malipo mapya.

Nembo ile ya shule sasa ninayo katika mafaili matatu, moja kwa kila nguo. Pamoja nayo nimehifadhi vipande vitatu vya majaribio, na nyuma ya kila kipande, kwenye karatasi ya kushikilia, nimeandika kwa kalamu ya wino nafasi ya mishono, fidia, aina ya msingi, namba ya uzi na namba ya sindano. Shule inapoagiza fulana nyingine, nachukua kipande cha fulana, nakilinganisha na kitambaa kipya kwa kukivuta kwa vidole pande zote mbili, na kikiwa kinanyumbuka kuliko kile cha zamani, napandisha fidia kutoka 0.35 hadi 0.4 na kudarizi kipande kimoja cha majaribio kabla ya kuanza oda.